Musa Alipolemewa

Katika Hesabu 11 Musa anamwomba Mungu amuue, na chanzo cha yote ni nyama. Watu wameichoka mana, wamekumbuka samaki wa Misri, matango na vitunguu saumu, na kila mtu analia mlangoni pa hema yake. Musa anamuuliza Mungu maswali makali: kwani yeye ndiye aliyewachukulia mimba watu hawa, hata awabebe kifuani kama mlezi na mtoto anyonyaye? Nyama ya kuwatosha wote ataitoa wapi? Kisha anafika kwenye kiini, kwamba kuwachukua wote peke yake hawezi. Muuguzi aliyekabidhiwa wodi juzi, mwalimu aliyepewa shule, meneja mpya wa tawi, wanayajua maswali hayo ingawa hawathubutu kuyatamka. Wao huomba nguvu tu.

Mungu hakumwongezea Musa nguvu, na angeweza. Alimwagiza akusanye wazee 70, watu ambao Musa mwenyewe anawajua, kisha Mungu akatwaa sehemu ya roho iliyokuwa juu ya Musa akaiweka juu yao, wauchukue mzigo pamoja naye. Kilichobadilika ni mpangilio wa kazi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba mtu huchakaa kazini kwa sababu ya msongo wa muda mrefu usioshughulikiwa: huishiwa nguvu, huichukia kazi yake, hujiona hafanyi la maana. Miongozo yake ya 2022 ikapendekeza mameneja wafundishwe kuitambua dhiki ya walio chini yao, kuwasikiliza, na kuelewa ni mambo gani ya kazini yanayoileta. Taasisi zetu za kanisa zinahitaji kulisikia hili kuliko nyingine, maana kwetu zamu zisizoisha huitwa huduma, na anayenung'unika huombewa. Aombewe, sawa. Halafu mtu afungue daftari la zamu, ahesabu jina la huyo aliyeombewa limeandikwa usiku mara ngapi.

Msomaji makini atauliza: si Yethro, mkwe wa Musa, alikwisha kulitatua hili katika Kutoka 18, kukawa na wakuu wa maelfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi? Mbona Musa amelemewa tena? Maandiko hayasemi, lakini ukiutazama mpango wa Yethro utaona kwamba kesi ndogo ziligawanywa, na kila neno gumu likaendelea kurudi kwa Musa. Mameneja wengi wapya hukwama hapohapo. Wanagawa kazi, maamuzi wanabaki nayo, hata wafanyakazi wawili hawawezi kubadilishana zamu mpaka meneja apigiwe simu saa tano usiku. Katika Hesabu kinachogawanywa ni ile roho yenyewe iliyomwezesha Musa kuongoza.

Wengine watasema kulalamika ni kukosa imani, na kweli watu wale waliadhibiwa. Lakini Musa alisema makali kuliko yao na hakuadhibiwa, kwa kuwa aliyapeleka kwa yule aliyemtuma. Pingamizi zito zaidi ni kwamba bosi si Mungu: ukimwambia umelemewa, anaweza kuelewa kwamba hufai. Hatari hiyo ipo. Ndiyo maana usiende na machozi pekee; nenda na daftari lile la zamu, useme kazi ipi isimame na ipi nani aichukue. Musa, hata akiwa na mashaka, aliitaja idadi mbele za Mungu: watu 600,000 waendao kwa miguu.

Ugumu hauishii hapo. Eldadi na Medadi, wawili wa wazee walioandikwa, walipotabiri kambini bila kwenda hemani pamoja na wenzao, Yoshua alitaka wakatazwe. Musa, mwenye cheo, hakuona tatizo; aliyeona hatari ni msaidizi kijana, na kwa hili meneja mpya hufanana na Yoshua zaidi. Akiona wauguzi wanamfuata mama mmoja wa makamo kumwomba ushauri kabla ya kuja ofisini, anahisi ananyang'anywa kiti. Anaanza kumbana, pengine anamhamishia wodi nyingine. Na mama huyo ndiye aliyekuwa akijua, wiki kadhaa kabla ya ofisi, nani anauguza nyumbani, nani halali, na nani amekwisha kuandika barua ya kuacha kazi.