AMANA YA WATOTO WETU WA SHULE: MAJI, VUMBI NA MITI YA NAVIUNDU

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu! Tunawausia, na tunaziusia nafsi zetu kwanza, kumcha Mwenyezi Mungu. Maneno yetu ya leo yanahusu watoto tunaowapeleka shuleni na madrasa kila asubuhi hapa Naviundu: wanakunywa nini, na wanavuta nini puani.

Katika Surat Al-Anbiya, aya ya 30, Mola wetu anatufahamisha kuwa kila chenye uhai asili yake ni maji. Na katika Surat Ar-Rum, aya ya 41, anatueleza kuwa uharibifu wa nchi kavu na wa baharini umechumwa na mikono ya watu wenyewe. Mtu wa Naviundu hahitaji tafsiri ndefu ya aya hii. Shaba ya mgodi wa Étoile, ambao wazee wetu waliuita Kalukuluku, ilianza kuyeyushwa mjini hapa mwaka 1911. Na mto uliobeba jina la mtaa wetu umepokea kwa miaka mingi maji machafu ya viwanda vya madini. Tarehe 4 Novemba 2025, upande wa Kasapa, maji machafu ya kiwanda kimoja yalivunja ukingo yakaingia majumbani mwa watu, hata serikali ikakisimamisha kazi kwa miezi mitatu. Hayo tuliyaona kwa sababu yalikuwa mafuriko. Yanayoingia kidogo kidogo hayaonekani.

Hapo ndipo penye hatari, enyi wazazi. Katika mlango wa twahara tulifundishwa kuyapima maji kwa rangi, harufu na ladha. Kipimo hicho ni sahihi kwa najisi. Kwa metali hakitoshi, kwani maji ya kisima yanaweza kuwa safi machoni na ndani yake mna kobalti. Wala tusidanganyane kwa sufuria: kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, na tuendelee kuchemsha, lakini hakuondoi metali. Maji yakipungua motoni, metali inabaki palepale.

Mwaka 2009 ulitangazwa utafiti wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji, waliopima mkojo wa watu 351 wa Katanga. Waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka migodi au viwanda vya madini walikutwa na kobalti nyingi mno, na watoto wakawa na hali mbaya zaidi. Kwa nini watoto? Mtoto anacheza chini, kisha mkono wenye vumbi unakwenda mdomoni. Basi ile sunna ya kuosha mikono, ambayo wengine wanaiona jambo dogo, kwa mwanafunzi wa Naviundu ni kinga. Kila kalasi iwe na ndoo na sabuni, na mtoto asile mkate wala karanga kabla ya kunawa. Na wakati wa kiangazi, uwanja unyunyiziwe maji kidogo kabla ya kufagiwa. Mwalimu anayewafagilisha watoto vumbi kavu saa moja asubuhi anawalisha vumbi hilo.

Mtu atasema: maji yenyewe ni ya kubeba kwa bidoni, tutayatosheleza vipi? Mtume wetu (S.A.W.) alitawadha kwa mudi moja ya maji, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim, nayo ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa kiasi. Tazameni bomba letu la udhu leo Ijumaa mjihukumu wenyewe.

Mabustani ya shule yasinyweshwe maji ya mto. Mboga za majani za masoko ya Lubumbashi zimekwisha pimwa na kukutwa na metali, na kuosha lenga-lenga kunaondoa vumbi la juu tu, kilichoingia kwa mizizi hakitoki. Choo kisichimbwe karibu na kisima, angalau mita 30. Na mifuko ya plastiki isichomwe uwanjani huku watoto wako kalasini.

Kuhusu miti, Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Mwislamu akipanda mti, anachokula humo mtu, ndege au mnyama kinaandikwa kwake sadaka. Kivuli cha mwembe kinapunguza joto la kalasi, na majani yake yanazuia vumbi. Siku ya salongo tunapanda, tunapiga picha, mbuzi wanakula wiki inayofuata. Mti upandwe mvua zinapoanza, uzungushiwe miti ya kuukinga, na kila kalasi ipewe wake wa kuulinda hadi mvua za mwaka wa pili.

Sasa lililo zito. Msikiti ukihitaji zulia tunachanga, na ni jambo jema. Lakini Sayyidna Uthman (R.A.) alitoa mali yake akanunua kisima cha Ruma, watu wa Madina wakanywa bure. Tuwe na mfuko wa kupima maji ya visima vya shule zetu, za Waislamu na zisizo za Waislamu, maana kiu haina dini. Na tudai haki bila matusi. Sheria ya madini ya tarehe 9 Machi 2018 inazitaka kampuni zinazochimba kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya wenyeji. Kamati za wazazi ziandike barua kuomba mambo mawili: majibu ya vipimo vya maji, na kisima kirefu cha shule. Nakala ipelekwe kwa mkuu wa mtaa na kwa idara ya mazingira ya jimbo. Anayejua kuandika Kifaransa kizuri abaki baada ya swala, tuianze leo.

Wabillahi tawfiq.