Mtu Mmoja Juu ya 1,192,728

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,192,728 mkoani Iringa. Anayepanga madawati na dawa anaweza kusema milioni 1.2 na mambo yakaenda. Namba yenyewe haikubali. Ukiikadiria hivyo umeshika namba nyingine kabisa, inayogawanyika kwa 5 na kwa 10 kwa sababu ya sifuri tulizozipachika wenyewe, si kwa sababu ya watu wa Iringa.

Ichukue ilivyo, uifanyie lile zoezi la shule ya msingi, mstari wa wima na vigawo kushoto. Kwa 2 unapata 596,364. Tena kwa 2, 298,182. Tena, 149,091. Kwa 3, 49,697. Hapo inagoma. Saba haiingii, 11 haiingii, 13 haiingii. Jaribu namba tasa zote hadi 211 na kila mara patakuwa na baki. Zaidi ya hapo hakuna haja, maana 223 mara 223 ni 49,729, umeshapita. Basi 49,697 ni namba tasa.

Utasa huo ni wa nani? Watu wa Iringa hawakuuleta, wala makarani wa sensa. 49,697 ilikuwa tasa kabla ngome ya Mkwawa pale Kalenga haijaangushwa mwaka 1894, na ingekuwa tasa hata kama nyanda hizi zisingekaliwa na mtu. Mimi naamini namba tunazikuta, hatuzitungi.

Lakini walioifikisha Iringa kwenye namba hii, na si jirani yake, ni watu, kila mmoja kwa uzito uleule. Tuseme usiku wa sensa, wa kuamkia 23 Agosti, angezaliwa mtoto mmoja zaidi Mufindi, humo humo mkoani. Tungekuwa na 1,192,729, namba witiri: 2 haimo tena, 3 haimo, 49,697 haimo. Hakuna kigawo hata kimoja kilichosalia isipokuwa 1, kwani namba mbili zinazofuatana hazishirikiani kingine. Kwa nguvu ya huyo mmoja, akiongezwa kwenye zao la namba tasa, Euclid alithibitisha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kwamba namba tasa hazina mwisho. Kwenye asilimia mtoto huyo haonekani. Kwenye hesabu kamili anapindua kila kitu, na naona tumeisikiliza mno asilimia.

Tena hapindui ya kwao tu. Mbeya ilihesabiwa watu 2,343,754, yaani 14 mara 167,411. Ukitaka kuigawa mikoa yote miwili katika idadi ileile ya makundi yaliyo sawa, asibaki mtu, njia ni moja tu, makundi mawili, maana kigawo chao kikubwa cha shirika ni 2. Mtoto wa Mufindi akiongezeka, hata hiyo 2 inaondoka, na Mbeya, ambako hakuna aliyezaliwa wala aliyekufa, haina tena kigawo inachoshirikiana na Iringa zaidi ya 1.