Je, Yafaa Kumpiga Picha Maskini?

Ndugu msomaji, tuseme mgeni amefika Mbangala, mkoani Songwe, katika mwaka ambao bei za mazao zimeanguka na maghala ni matupu. Anamkuta mama mjane ameketi mbele ya nyumba iliyobomoka ukuta, watoto wake wamevaa matambara. Anatoa kamera, anapiga picha, anakwenda zake. Akiulizwa, husema kwamba ameonyesha ukweli ili watu wasaidie. Je, ametenda wema au amedhulumu?

Kwanza tuondoe shaka moja. Wako wanaodhani kwamba kila picha ni haramu. Lakini Seyidna Ahmad, Masihi Aliyeahidiwa (a.s.), aliruhusu yeye mwenyewe apigwe picha, ili watu wa nchi za mbali wauone uso wake na kuupima ukweli wake. Alichokichukia ni picha kugeuzwa kitu cha kuabudiwa. Basi kamera ni chombo tu, na hukumu yake hufuata nia na matumizi.

Je, yatosha kwamba picha ni ya kweli? Hapana. Mtukufu Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba kusengenya ni kumtaja ndugu yako kwa jambo analolichukia. Alipoulizwa itakuwaje iwapo jambo hilo analo kweli, alibainisha kwamba huko ndiko kusengenya. Kama hanalo, huo ni uzushi. Picha nayo humtaja mtu, ingawa haina ulimi.

Tazama mfano. Mwaka 1936, wakati wa dhiki kuu ya uchumi, Dorothea Lange, mpiga picha wa serikali ya Marekani, alimpiga picha mama mmoja mwenye njaa pamoja na watoto wake katika kambi ya wachuma mbaazi, California. Hakumwuliza jina. Picha ilipotangazwa, serikali ilipeleka chakula kambini. Lakini mama yule alikuwa amekwisha ondoka. Uso wake ukajulikana duniani kote. Jina lake lilipofahamika mwaka 1978, alilalamika kwamba hakupata hata senti moja, na kwamba angependa asingalipigwa picha ile. Wengine walisaidiwa kwa uso wake, naye akabaki na fedheha.

Hata hivyo, kunyamaza nako kwaweza kuwa dhambi. Mwezi Oktoba 1984, Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyeanza kazi ya picha Dar es Salaam, alifika Korem, katika nyanda za juu za Ethiopia, pamoja na mtangazaji Michael Buerk. Njaa ilikuwa imekwisha waua watu wengi kabla ulimwengu haujashtuka. Picha zao zilipoonyeshwa na BBC tarehe 23 Oktoba, misaada ikamiminika kutoka mataifa mengi. Nani atasema afadhali zingefichwa?

Basi tutapatanishaje mambo haya mawili? Kurani Tukufu, katika Sura An-Nisaa, yatufahamisha kwamba Mwenyezi Mungu hapendi ubaya utangazwe, isipokuwa na aliyedhulumiwa. Twajifunza hapa kwamba kilio ni haki ya mwenye dhiki. Mpiga picha ni mjumbe wake tu, na mjumbe hutumwa, hajitumi. Tena Sura An-Nur yatuamuru tusiingie nyumba za watu mpaka tutake ruhusa na kuwasalimu wenyewe. Tukiambiwa turudi, turudi. Je, kamera haiingii nyumbani, hata ikiwa mwenye kuishika amesimama nje?

Mtu atauliza: Na yule aliye hoi, asiyeweza kujibu? Huyo tumtendee kama msimamizi mwema anavyoitenda mali ya yatima: asichukue zaidi ya lazima, wala asijinufaishe.

Ndugu zangu, neno hili latuhusu sisi pia. Mara ngapi tumegawa unga au nguo, kisha tukampanga mpokeaji mbele ya kamera, mkono wetu ukiwa juu na wake chini? Kutoa hadharani kumeruhusiwa, ili wengine wavutwe kwenye wema. Lakini Sura Al-Baqara yatuonya kwamba sadaka hubatilika kwa masimango na udhia. Yatueleza pia juu ya mafakiri ambao asiyewajua huwadhani matajiri, kwa sababu hawaombi. Heshima hiyo ni mali yao ya mwisho. Ukiitwaa na kuwapa mfuko wa unga, umewapa nini?

Basi yule mgeni wa Mbangala aanze kwa salamu. Aketi, aulize jina, aeleze picha itakwenda wapi, naye akubali kukataliwa. Na akikataliwa, msaada usipungue hata kidogo. Hapo ndipo nia yake itakapojulikana.

Mwenyezi Mungu atujalie kuyaona maumivu ya wenzetu bila kuwavunjia heshima, na kuwasitiri kama tunavyotamani Yeye atusitiri siku ya Kiyama. Amin.