Nia, Upepo na Matokeo: Thamani ya Kufuatia Ushindi kwa Miaka Mingi

Swali la iwapo thamani ya juhudi hutokana na matokeo yake ni la kale katika falsafa na katika dini, lakini mara nyingi hujadiliwa kwa mifano ambamo juhudi na matokeo hufuatana kwa karibu mno hata isiwe rahisi kuvitenganisha, kwa kuwa mkulima aliyepalilia kwa wakati kwa kawaida huvuna. Mashindano ya vyombo vya matanga yana faida kubwa kwa anayetaka kulichunguza swali hili, kwa sababu ndani yake pengo baina ya juhudi na matokeo huonekana wazi na tena huweza kuhesabiwa. Mkimbiaji wa mita 100 hukimbia katika njia iliyo sawa na ya mwenzake, ilhali baharia hushindana juu ya uwanja unaobadilika kila dakika, akisukumwa na nguvu asiyoimiliki. Na pale anapolazimika kubisha, yaani kwenda kwa kukatakata upande huu na upande huu kwa sababu chombo hakiwezi kuelekea moja kwa moja upepo utokako, upepo ukigeuka nyuzi chache tu upande mmoja wa ghuba, aliyekuwa nyuma upande huo huwa mbele bila kuongeza ustadi wowote.

Baharia Santiago Lange wa Argentina, aliyezaliwa mwaka 1961, anafaa kuwa mfano wa uchunguzi huu, kwa kuwa alilifuatia lengo moja kwa muda mrefu kuliko wengi na matokeo aliyoyapata yanapima kila nadharia inayotolewa. Alishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1988, katika mashindano ya matanga yaliyofanyika Pusan, Korea Kusini, na akashika nafasi ya tisa. Akarudi Atlanta mwaka 1996 akawa wa tisa tena, na Sydney mwaka 2000 akawa wa kumi. Miaka 16 baada ya Pusan alipata medali ya kwanza, nayo ilikuwa ya shaba, aliyoitwaa Athens mwaka 2004 pamoja na Carlos Espínola katika daraja la Tornado, na wawili hao wakapata shaba nyingine Beijing mwaka 2008. Baada ya hapo daraja lenyewe la Tornado liliondolewa katika Olimpiki, kwa hiyo baharia ambaye hatimaye alikuwa amekipata chombo kinachomfaa alijikuta hana cha kushindania London mwaka 2012. Vyombo vya aina ya Tornado, yaani vyenye miili miwili, viliporudishwa kwa daraja la Nacra 17, ambalo kanuni zake zinataka mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, Lange aliungana na Cecilia Carranza Saroli, mwanamke aliyekuwa amekwisha kushiriki Olimpiki mbili bila kupata medali. Kisha mwaka 2015 akagunduliwa kuwa na saratani ya pafu, akapasuliwa, na sehemu ya pafu lake la kushoto ikaondolewa. Agosti 2016, chini ya mwaka mmoja baada ya upasuaji huo, akiwa na umri wa miaka 54, alishinda medali ya dhahabu Rio de Janeiro pamoja na Carranza.

Namna dhahabu hiyo ilivyopatikana inastahili kutazamwa kwa karibu. Nacra 17 ni katamarani, yaani chombo chenye miili miwili myembamba iliyo sambamba na kuunganishwa kwa juu, tofauti na ngalawa ambayo ina mwili mmoja na mirengu miwili ya kuushikilia. Katika mashindano haya aliyefika wa kwanza katika kila mbio hupewa alama moja, wa pili alama mbili, na kuendelea, kisha mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Na mbio ya mwisho, iitwayo mbio ya medali, ambayo huwahusisha kumi bora peke yao, alama zake huzidishwa mara mbili. Siku ya mbio hiyo katika Ghuba ya Guanabara, Lange na Carranza waliadhibiwa na waamuzi, na adhabu katika mchezo huu ni kukizungusha chombo mzunguko mzima palepale majini wakati wengine wanatokomea. Wakabaki nyuma, wakaanza kupanda tena, nafasi moja baada ya nyingine. Hesabu ilipofungwa Argentina ilikuwa na alama 77, Australia 78 na Austria 78. Kwa kuwa kila nafasi katika mbio hiyo ilikuwa na uzito wa alama mbili, lau chombo kimoja zaidi kingewapita kabla ya mstari wa mwisho, wangemaliza na alama 79 na kushuka hadi shaba, na safari ya miaka 28 ingesimuliwa leo kwa namna nyingine kabisa.

Mwaka 1976 mwanafalsafa wa Uingereza Bernard Williams alitoa hoja iliyozua mjadala mkubwa juu ya kile alichokiita bahati ya kimaadili, maana yake ni hali ambapo hukumu ya haki juu ya tendo la mtu inategemea mambo yasiyo mikononi mwake. Mfano wake mashuhuri ulikuwa mchoraji aliyempa jina la Gauguin, aliyebuniwa kwa kufuata kwa mbali maisha ya mchoraji wa Ufaransa mwenye jina hilo, ambaye anawaacha watu wanaomtegemea ili akafuate sanaa yake visiwani mbali. Na Williams alidai kwamba iwapo kuna kitu kitakachouhalalisha uamuzi huo, ni mafanikio yenyewe, ambayo mtu huyo hakuweza kuwa na hakika nayo alipoondoka. Hoja hii humhusu kila anayefuata ubingwa wa Olimpiki, kwa sababu hakuna anayefanya hivyo kwa gharama yake peke yake: ipo nyumba inayosubiri, yapo malezi yanayobebwa na mtu mwingine, zipo fedha ambazo zingefanya kazi nyingine, na vyote hivyo hutumika leo kwa ajili ya siku ambayo huenda isifike.

Hoja ya Williams ina nguvu kwa kuwa inasema wazi jambo ambalo watu wengi hulikubali kimyakimya, yaani kwamba mshindi husamehewa mengi. Hata hivyo, ikiwekwa mbele ya alama 77 na alama 78, udhaifu wake unajitokeza. Ikiwa mafanikio ndiyo yanayohalalisha, basi uhalali wa miaka 28 ya maisha ya watu kadhaa ulining'inia katika mita chache za maji ya Guanabara na katika kosa ambalo baharia wa chombo kingine alilifanya au hakulifanya. Na ni vigumu kukubali kwamba jambo zito kiasi hicho linaweza kuamuliwa na jambo dogo kiasi hicho, tena baada ya tendo lenyewe kukamilika. Hesabu hii, zaidi ya hayo, inapotosha umiliki wa ushindi, kwa maana nusu ya mikono iliyokileta chombo kile mbele ilikuwa ya Carranza, ambaye simulizi nyingi humtaja kwa haraka kana kwamba alikuwa abiria.

Wapo waliokwisha kujaribu kuyaondoa kabisa matokeo katika mizani. Wastoa, wafuasi wa shule ya falsafa iliyoanzia Athens karibu mwaka 300 kabla ya Kristo, walitoa mfano wa mpiga upinde, mfano ambao Mroma Cicero ameuhifadhi katika kitabu chake juu ya malengo ya mema na mabaya: lengo halisi la mpiga upinde mwenye hekima ni kufanya kila lililo katika uwezo wake ili mshale ulipate lengo, na kulipata kwenyewe ni jambo la kupendelewa tu, kwa sababu upepo unaweza kuuvuta mshale ukiwa tayari umeondoka. Jibu hili linatuliza moyo, na kwa baharia linaonekana kama limeshonwa kwa kipimo chake. Lakini linaacha nje ukweli mmoja wa mchezo. Mwanafalsafa Bernard Suits, katika kitabu chake cha mwaka 1978 juu ya maana ya michezo, alieleza kwamba kucheza ni kujaribu kulifikia lengo fulani huku mtu akijitwisha kwa hiari vikwazo visivyo vya lazima. Kutokana na maelezo haya inafuata kwamba asiyetaka kushinda hajafika bado katika mchezo, kwa kuwa kukaza kamba ya tanga kwa upana wa kidole, kuegemea nje ya chombo ili kuzuia kisipinduke, kusoma viwimbi vya maji kwa mbali ili kujua upepo unakuja upande gani, yote haya yanafanywa vizuri na yule tu ambaye matokeo yana maana kwake. Baharia aliyejifunza kutojali matokeo angekwisha kupitwa kabla ya kulizunguka boya la kwanza.

Kinachohitajika, basi, ni kueleza jinsi mtu anavyoweza kuyataka matokeo kwa dhati na wakati huohuo asiyategemee, na hapa mapokeo ya dini yameona mbali kuliko falsafa ya Williams. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoandika juu ya tawakali katika kitabu chake cha kuhuisha elimu za dini, alikataa katakata wazo kwamba kumtegemea Mungu ni kuacha kutenda, akaeleza kuwa mwenye njaa asiyenyoosha mkono kukiendea chakula kilicho mbele yake amerukwa na akili, wala hana tawakali yoyote. Mkono, kwa maelezo yake, hufanya kazi yake kwa ukamilifu, na kinachohamishwa ni mahali moyo unapopumzika, kwa sababu moyo hautulii juu ya sababu bali juu ya Mwenye kuzisababisha. Mtume Paulo naye, akiwaandikia watu wa Korintho, mji uliokuwa jirani na michezo ya Isthmia, hakuwadharau wanariadha kwa kujinyima kwao. Alichukua bidii yao kuwa kielelezo, akaonyesha tu kwamba taji lao huoza. Katika mafundisho yote mawili bidii inabaki palepale, haipunguzwi hata kidogo, na kinachoulizwa ni iwapo lengo limewekwa chini ya jambo lililo kubwa kuliko lenyewe au limeachwa liwe kubwa kuliko yote.

Tofauti hiyo haionekani kwa macho siku za kawaida, lakini ilionekana katika maji yaleyale ya Pusan ambako Lange aliianza safari yake. Tarehe 24 Septemba 1988 Lawrence Lemieux wa Kanada, akiwa peke yake katika chombo cha daraja la Finn na akishika nafasi ya pili, katika upepo uliokuwa umepanda hadi kiasi cha noti 35, aliona chombo cha Singapore cha daraja jingine kimepinduka na mabaharia wake wawili wamo majini, mmoja akiwa amechukuliwa mbali na chombo. Alitoka kwenye njia yake, akamvuta wa kwanza ndani ya chombo kilichojengwa kwa mtu mmoja, akamfuata wa pili, akangoja pamoja nao mpaka mashua ya doria ilipofika, ndipo akarudi kushindana. Waamuzi baadaye walimrudishia nafasi ya pili katika mbio hiyo, na akapewa medali ya Pierre de Coubertin, lakini katika msimamo wa mwisho alikuwa wa kumi na moja. Lemieux hakuwa amelipenda lengo lake kidogo kuliko wengine, maana hakuna afikaye nafasi ya pili katika bahari ile kwa mapenzi ya nusu. Alikuwa nalo kwa namna iliyomruhusu kuliweka chini papo hapo, bila kwanza kupiga hesabu ya hasara.

Inawezekana kupinga kwamba Lange hakuliweka chini, kwamba hata saratani haikumfanya aliache, na kwamba kwa kipimo hiki yeye ndiye aliyemilikiwa na lengo lake. Pingamizi hili ni la haki, lakini linachanganya kuendelea na kutoweza kuacha. Yaliyotokea baada ya Rio yanasaidia kutofautisha: mwaka 2021, akiwa na umri wa miaka 59 na dhahabu ikiwa tayari mkononi, alirudi pamoja na Carranza katika Olimpiki ya Tokyo, ambako wote wawili waliibeba bendera ya Argentina katika sherehe ya ufunguzi, kisha wakamaliza nafasi ya saba. Nadharia isemayo kwamba miaka yote ile ilikuwa deni lililolipwa na dhahabu haiwezi kuieleza safari hii, kwa kuwa aliyekwisha kulipwa hana sababu ya kurudi kufanya kazi ileile kwa ujira mdogo. Ila anayeiona thamani ndani ya kazi yenyewe, huku akiyataka matokeo kama kazi hiyo inavyodai, anayo sababu ileile aliyokuwa nayo tangu Pusan.

Hata hivyo, hoja hii inamtetea baharia mbele ya bahati peke yake, na haimtetei mbele ya watu wa nyumbani. Wana wawili wa Lange, Yago na Klaus, walishindana Rio katika daraja la 49er, na baba yao aliposhinda walijitosa majini wakaogelea hadi kwenye chombo chake; ni rahisi kuichukua picha hiyo kuwa risiti ya gharama zote, na kufanya hivyo ni kulirudia kosa la Williams kwa njia nyingine, kwani furaha ya waliogharamika nayo ni tokeo, na ingekuwa nyingine kwa alama 79. Haki ya wale ambao muda wao ulitumika haipatikani kwenye mstari wa mwisho; ilipaswa kutafutwa kila mwaka kabla ya kung'oa nanga, kwa kuwauliza, na jibu lao lilikuwa na uzito uleule hata kama upepo wa Agosti 2016 ungegeuka.