Kuonja na Kushukuru: Mwonjaji Anadaiwa Nini?

Kwetu Kabare, karibu na Bukavu, mgeni hakupewa kasiksi kabla ya mwenye kuitengeneza kuionja mbele ya watu. Koko yangu mwanamke alifanya hivyo kila mara. Ndizi zilikaa siku kadhaa ndani ya shimo mpaka ziive, zikamenywa, zikakamuliwa kwa majani. Maji yake yalichujwa, yakatiwa unga wa mtama uliokaangwa, halafu yakaachwa yachachuke. Siku ya kufunua, koko alichota kidogo, akanywa, akanyamaza. Sisi watoto tuliangalia uso wake tu. Siku moja alitema, akasema: «Hii haitoki hapa nyumbani.» Wageni wa mahari walikuwa wameisha kukaa uwanjani. Walipewa uji, na koko hakuona haya.

Watu wengi wanasemaka desturi ile ilikuwa juu ya kuogopa sumu. Ni kweli, lakini si ukweli wote. Mwenye kuonja kwanza anatanguliza mwili wake na jina lake. Anasema: kama ni mbaya, imenipata mimi mbele yenu. Sasa mimi nauliza: na yule anayeitwa aonje pombe ya mwingine, yeye anadaiwa nini? Upole ao ukweli?

Swali hili halikunitoka ndani ya kitabu. Mwaka 2019 mtoto wa dada yangu alirudi toka Ubelgiji, mahali alijifunza kutengeneza pombe ya mikono, ile isiyotoka kiwanda kikubwa. Nyuma ya nyumba, ndani ya sufuria moja, alitengeneza pilsner. Akaniita: «Muyomba, onja, uniambie.» Rangi ilikuwa ya asali nyepesi, povu jeupe limesimama. Uchungu wa maua ya hopsi ulifika vizuri nyuma ya ulimi. Lakini mbele ya uchungu ule nilisikia harufu ya mahindi ya kuchemsha. Nikaangalia macho yake, nikasema: «Ni nzuri sana, mtoto wangu.»

Alichukua pesa ya likelemba, akanunua sufuria kubwa, akatengeneza nyingi. Wenye bistro walimrudishia chupa. Baadaye alikuja kujua sababu. Nafaka iliyooteshwa na kukaushwa kwa moto mdogo, ile inayoipa pilsner weupe wake, inatoa harufu ile kama haikuchemshwa kwa nguvu na sufuria wazi, mvuke utoke. Yeye alifunika na kupunguza saa, juu ya kuchunga makala. Ni kosa la kusahihisha kwa siku moja. Akaniuliza: «Muyomba, haukusikia?» Nilisikia.

Pilsner haina mahali pa kuficha. Pombe nyeusi ina ladha ya kuungua ambayo inaweza kufunika makosa. Pilsner ina nafaka nyeupe, maji, hopsi na chachu, halafu inapumzika baridini kwa majuma. Hata kuzaliwa kwake kulitokana na waonjaji waliokataa kudanganya. Kule Plzeň, katika Bohemia, mwaka 1838 watu walimwaga mapipa 36 ya pombe mbovu mbele ya nyumba ya mji. Wenye haki ya kupika pombe wakaamua kujenga kiwanda kipya, wakamwita Josef Groll kutoka Bavaria. Tarehe 5 Oktoba 1842 alipika pilsner ya kwanza. Kama watu wa Plzeň wangalisema «ni nzuri sana» kama mimi, labda dunia isingeijua.

Mwingine atanijibu: mgeni mwenye adabu hasemi kwamba chumvi ya mwenyeji imezidi. Ni haki. Mimi pia nisingependa watoto wetu wasahau heshima ile. Lakini tuangalie vizuri alichofanya koko. Kuonja kulikuwa na saa yake, na kushukuru kulikuwa na saa yake. Kabla ya kumimina, ulimi ni wa ukweli, hata mbele ya wageni wa mahari. Nyuma ya kumimina, ulimi ni wa shukrani. Mimi nilichanganya saa. Mtoto aliniita saa ya kuonja, nikamjibu kama mgeni aliyepewa kikombe. Nilichokiita upole kilikuwa woga wa kuona uso wake ukibadilika, na deni la woga ule alililipa yeye.

Haiko pombe tu. Mwalimu anayesoma kazi ya mwanafunzi, mzee anayeulizwa juu ya ndoa ya binti yake, rafiki anayeonyeshwa mpango wa biashara: wote wanaitwa waonje kabla ya kumimina. Tuwafundishe watoto kuuliza mapema, na sisi tujibu mapema.

Mtoto wa dada yangu alipika tena, sufuria wazi. Aliniletea kikombe, lakini safari hii alikunywa yeye wa kwanza mbele yangu, akanyamaza kidogo kama koko. Kisha akanipa. Nilisema ukweli wangu: harufu imeisha, uchungu umezidi kidogo. Akacheka, akaandika.