Mali Iliyopotea Ghalani: Kudai ni Choyo au ni Haki?

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakimwasa mwenye duka, ambaye bidhaa zake zilikuwa mbele ya macho yake kutwa nzima. Leo, ndugu msomaji, wengi wetu tulioko ughaibuni tumeingia katika biashara ambayo mwenye mali haioni mali yake kabisa. Anaipeleka katika ghala la kampuni kubwa, ghala ambalo hatalikanyaga maishani mwake, na kampuni ndiyo inayoihifadhi, inayoiuza mtandaoni, inayoifunga na kuipeleka kwa mnunuzi. Amazon ilianzisha huduma hii kwa wauzaji wadogo mwaka 2006, na wenzetu wengi wamepata riziki humo.

Katika ghala kama hilo vitu hupotea. Katoni huhesabiwa vibaya siku ya kupokelewa, mashine ya kunyanyulia mizigo huiponda nyingine, mteja hurudishiwa fedha zake na bidhaa yenyewe isionekane tena. Kampuni ina utaratibu wa kumfidia muuzaji, na baadhi ya fidia huja zenyewe bila kuombwa. Nyingine haziji mpaka mtu akae chini, alinganishe orodha zake na za ghala, aandike dai na kuambatisha ushahidi. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo nimelisikia mara nyingi katika mazungumzo yetu: je, mtu mzima ahangaike usiku kucha kwa ajili ya dola kumi na mbili? Si bora kusamehe?

Swali hili si la kupuuzwa, kwa sababu linatoka katika malezi yetu. Tumekuzwa tukijua kwamba kudai kunatia aibu. Jirani akiazima sufuria asiirudishe, mama humtuma mtoto kwa maneno ya kuzungukazunguka, asije akaonekana bahili. Kwa hiyo tunapokutana na kampuni, tunaichukulia kama jirani. Tunaona haya.

Lakini kampuni si jirani, na tofauti yenyewe ni ya zamani. Jirani akikuwekea sanduku lako bure, nyumba ikaingiliwa na wezi bila uzembe wake, humdai kitu, alikufanyia hisani. Mlinzi uliyemlipa ili alinde sanduku hilo ana hukumu nyingine. Majalla, mkusanyiko wa sheria za muamala uliotungwa na dola ya Kiothmani kati ya mwaka 1869 na 1876, inasema wazi kwamba amana ikipotea mikononi mwa aliyeiweka bure, pasipo kosa lake, halipi. Bali akiwa amechukua ujira wa kuilinda, na sababu ya kupotea ni jambo lililowezekana kuzuiwa, atalipa. Kule Uingereza, Jaji Holt katika kesi ya Coggs na Bernard ya mwaka 1703 alizigawa amana mafungu sita, naye pia akatofautisha anayeshika mali ya mtu bure na anayelipwa. Watu wa dini na nchi mbalimbali wamekubaliana katika hili kwa sababu ni jambo la akili: anayepokea ujira amekubali mzigo. Na ghala linatoza ada ya nafasi kila mwezi, na ada nyingine kwa kila kitu kinachotoka.

Sasa turudi kwenye kusamehe. Kusamehe ni tendo kubwa, na lina masharti yake. Kwanza, anayesamehe lazima ajue anasamehe nini. Mtu asiyejua kwamba vyondo vyake sita havikuhesabiwa hajasamehe chochote, amepoteza tu. Na anayejua, lakini akaacha kwa sababu fomu ni ndefu na usingizi umemzidi, naye hajasamehe, amechoka. Tusiupe uchovu jina la ukarimu.

Sharti la pili ni zito zaidi: huwezi kusamehe kisichokuwa chako. Tuchukue mfano. Dada yetu mmoja yuko Minnesota, anauza vyondo vilivyosukwa na kina mama wa Machakos. Mtaji wake umetoka katika upatu wa wanawake kumi, na wasukaji wamelipwa nusu, nusu nyingine wanaingoja mauzo. Amepeleka vyondo 100, ghala limeandika 94. Hivyo sita ni vya nani? Kuna sehemu ya msukaji, kuna sehemu ya wenzake wa upatu, na sehemu yake mwenyewe huenda ndiyo ndogo kuliko zote. Akisema "potelea mbali", anatoa sadaka kwa mfuko wa watu wengine, na anayeipokea sadaka hiyo ni tajiri kuliko wote waliomo katika hesabu. Kwa mtu kama huyu kudai ni wajibu, maana yeye naye ameshika amana.

Tena ana muda mchache. Nchini Marekani, hadi Oktoba 2024 muuzaji wa Amazon alikuwa na miezi 18 ya kudai kitu kilichopotea au kuharibika ghalani. Tangu tarehe 23 ya mwezi huo muda ukawa siku 60. Aliyezoea kufunga hesabu mwisho wa mwaka huikuta haki yake imekwisha muda.

Kisha kuna swali la thamani. Kitu kilichopotea kina thamani gani? Tuseme kila kiondo kimenunuliwa Machakos kwa dola 12, usafiri na ushuru vimekula dola 5, na kinauzwa dola 40. Vyondo sita vilivyopotea ni dola 240 kwa bei ya kuuzia, 102 kwa gharama zote, na 72 kwa bei ya kununulia. Tangu tarehe 31 Machi 2025, kwa kitu kilichopotea ghalani kabla ya kununuliwa na mteja, Amazon ya Marekani hulipa gharama ya kukitengeneza au kukinunua, bila kuhesabu usafiri wala ushuru, badala ya kufuata bei ya kuuzia kama zamani.

Kampuni ina hoja: kiondo ambacho hakijauzwa bado hakijaleta faida, na pengine kisingeuzwa. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, nami siwezi kusema kwamba faida ya kesho ni deni la leo. Lakini dola tano za meli na forodha hazikuwa ndoto. Zilitoka mfukoni, na bila hizo kiondo kisingefika ghalani kupotea. Fidia inayomrudisha mtu Machakos, ilhali mali yake ilipotea Marekani, imemwacha njiani. Muuzaji amekubali masharti, ni kweli, na mkataba ni mkataba. Hata hivyo masharti yanaweza kuwa halali yasiwe ya haki, na ni vyema tuseme hivyo kwa sauti ya kawaida, bila matusi, pale tunapopewa nafasi ya kusema.

Nimesema ya ghala. Sasa niseme yetu. Maana zipo hadithi za upande wa pili, nazo husimuliwa kwa kicheko. Mtu amefunga vyondo 98 na kuandika 100, kisha akadai viwili. Mwingine amelipwa kwa kilichopotea, kikaonekana baadaye na kuuzwa, naye akanyamaza akiomba kompyuta isigundue. Ukimuuliza, jibu ni moja: "Kampuni kubwa ile, haitaumia."

Huenda kweli haitaumia. Lakini kipimo cha wizi hakijapata kuwa maumivu ya mwenye mali. Tena wapo wanaoumia: ni yule dada wa Minnesota. Madai ya uongo yakizidi, anayechunguza madai humtilia shaka kila mtu, huongeza masharti ya ushahidi, na mwenye haki ndogo hushindwa kuifikia. Kampuni ina mawakili. Yeye ana risiti ya mkono kutoka Machakos.

Ndivyo ilivyo pia kwa mashirika yanayowadaia wauzaji kwa malipo ya asilimia. Si vibaya kumtafuta mjuzi. Lakini anayelipwa kwa wingi wa madai ana sababu ya kuyazidisha, na dai likiwa la uongo limeandikwa kwa jina lako. Soma kinachopelekwa kabla hakijapelekwa.

Basi mimi naona hivi. Kudai ni kuomba hesabu, na anayeomba hesabu lazima naye awe tayari kuitoa. Ahesabu mbele ya shahidi kabla ya kufunga katoni, aipige picha, aipime uzito, atunze ankara ya msukaji hata kama ni ya kalamu ya risasi. Ghala likiandika 94, adai sita bila haya. Likiandika 103, aandike barua vilevile, kwa haraka ileile, kwamba vitatu si vyangu. Asiyeweza kuandika barua hii ya pili, hata ile ya kwanza hakuiandika kwa ajili ya haki.

Daftari walilolisema wazee lina upande wa kuingia na upande wa kutoka. Tuujaze wote. Walio na maoni tofauti, hasa juu ya bei ya kitu kilichopotea, wasikae kimya, tungependa kuyasoma.

Wasalaam.