Zamu ya Mtoto

Katika mkutano wa wazazi wa skuli moja ya watoto wadogo, mwalimu alimwamuru bibi mmoja, mbele ya hadhara, aache kusema na mjukuu wake kwa Kiswahili chake cha shamba na amwachie televisheni, ambayo husema Kiingereza fasaha. Bibi akainamisha kichwa. Mimi nimeshika kalamu.

Kwamba lugha ni chombo cha kufahamiana, halina mgogoro. Kwamba mtoto huzaliwa na kipawa cha lugha, kama alivyoshikilia mwanaisimu Noam Chomsky alipomkosoa mwanasaikolojia Skinner mwaka 1959, nakubali. Na kwamba Wakaluli wa Papua New Guinea hawasemezani na vichanga vyao kama tufanyavyo sisi, na wana wao husema barabara, ni hoja ya haki.

Walakini hoja iliyojificha katika amri ya mwalimu, ya kuwa sauti ni sauti, itoke kinywani au kwenye kioo, haistahiki kuachwa ipite. Mwaka 2003 mtafiti Patricia Kuhl na wenziwe walitangaza walichokiona Seattle, Marekani: watoto wa Kimarekani wa miezi 9, waliokutanishwa mara 12 na wasemaji wa Kichina waliowasomea na kucheza nao, walipambanua sauti za lugha ile, na wengine, walioonyeshwa wasemaji walewale kwa televisheni, hawakuwashinda wasioisikia kabisa. Ikiwa sauti ni sauti, faida ile ilipotelea wapi? Mtoto akitamka “ba”, bibi humtazama usoni, akamjibu, “Baba? Baba kaenda pwani,” kisha akangoja; televisheni haimngoji mtu, mtoto awepo asiwepo. Na anayelalamika kwamba bibi hukosea, aniambie ni lugha gani iliyorithishwa na wasiokosea.

Kungoja huko kwa bibi hunikumbusha vitendawili vya usiku, ambavyo sichoki kuvitaja. Mtegaji hupaza, “Kitendawili!” na kitoto kisichojua fumbo ni nini huitikia “Tega!” kwa sauti kuliko wakubwa; jawabu halijui, lakini zamu yake keshaijua. Akishindwa hudaiwa mji, naye hutoa wowote aliopata kuusikia, Lamu au Makka, akaona fahari kuwa na mji wa kutoa.

Je, zamu hutangulia maana, au maana ndiyo imwitayo mtoto kwenye zamu? Akili yangu husita, wala majaribio ya Seattle hayakati shauri, kwani yalipima sauti, hayakupima maana. Lakini mwalimu yule, mwenye haki ya kufundisha Kiingereza skulini, hana haki ya kumfunga mtu mdomo nyumbani kwake. Na amwendee bibi, akamtake radhi.